Jeshi Huhesabiwa Asubuhi

Tarehe 18 Mei, katika mwaka mmoja kati ya 92 na 97 baada ya Kristo, karani wa ngome ya Kirumi ya Vindolanda, kaskazini mwa nchi tunayoiita leo Uingereza, alichovya kalamu kwenye wino akaandika hesabu ya askari wa Kohoti ya Kwanza ya Watungri, kikosi cha wasaidizi wa jeshi la Roma. Waliomo daftarini walikuwa 752, pamoja na maakida 6. Waliokuwa nje ya ngome walikuwa 456: wengi wao, 337, walikuwa kambi ya Coria, 46 walikuwa walinzi wa gavana, wengine wametawanyika huku na huko, na akida mmoja alikuwa London. Ngomeni walibaki 296. Kati ya hao, wagonjwa 15, majeruhi 6, wanaougua macho 10. Wazima wa kazi: 265.

Ubao alioandikia ni mwembamba sana, milimita chache tu. Mbao za namna hiyo zilianza kufukuliwa Vindolanda mwaka 1973, na mwanaakiolojia Robin Birley ndiye aliyezigundua. Zilidumu karibu miaka 1,900 kwa sababu zilizikwa kwenye tope lisilopitisha hewa, mahali ambapo vijidudu vinavyoozesha mbao haviwezi kuishi. Maandishi yenyewe yalikuwa yamefifia hata jicho lisione kitu. Picha za infraredi ndizo zilizoyaibua, kwa kuwa wino wa masizi huumeza mwanga huo na ubao huurudisha.

Kwangu mimi, hakuna andiko jingine la Warumi linaloeleza nguvu ya jeshi lao vizuri kuliko hesabu hiyo fupi. Tumezoea kuliona jeshi la Roma kwenye filamu, ngao zimepangwa ukuta na mikuki imeelekezwa mbele. Karani wa Vindolanda anatuonyesha kamanda mwenye askari 752 kwenye karatasi na 265 wa kuwapeleka popote siku hiyo. Wagonjwa na wenye macho mabovu, jumla 25, walikuwa mara nne na zaidi ya waliojeruhiwa.

Hesabu ya namna hiyo iliwezekana kwa sababu ya mpangilio wa chini kabisa. Askari 8 walilala hema moja, wakapika pamoja, na mizigo yao mizito ikabebwa na nyumbu mmoja. Vikundi 10 vya namna hiyo vilifanya senturia, watu 80 chini ya akida mmoja. Katika legioni, senturia 6 zilifanya kohoti ya kawaida ya watu 480. Kohoti 10 zilifanya legioni, na kwa kuwa ile ya kwanza ilikuwa kubwa kuliko nyingine, legioni nzima ilizidi kidogo watu 5,000. Kaisari Augusto alikuwa na legioni 28. Tatu ziliangamizwa katika msitu wa Teutoburg, Ujerumani, mwaka 9, zikabaki 25, na kwa hizo pamoja na vikosi vya wasaidizi kama hao Watungri, Roma ikashika nchi kuanzia bahari ya Atlantiki hadi Syria.

Katika mpangilio huo hakuna mtu aliyeweza kupotea kimyakimya. Aliyeamka na homa alijulikana kabla jua halijapanda, kwa kuwa wenzake saba walilala naye. Habari ilitoka hemani ikafika kwa akida, kutoka kwa akida ikafika kwa karani, na kutoka kwa karani ikafika kwa kamanda. Ngome kubwa ya legioni ilikuwa na hospitali yake, jengo la vyumba vidogo vilivyopangwa kuzunguka uwanja. Vegetius, aliyeandika kitabu cha mambo ya vita katika siku za mwisho za dola hiyo, alitenga sura nzima ya afya: askari wasikae karibu na mabwawa yenye magonjwa, wasinywe maji ya bwawa, na jeshi kubwa lisikae mahali pamoja muda mrefu wakati wa joto, maana maji huchafuka na maradhi huzuka.

Alijuaje? Kwa uzoefu wa karne nyingi za kuzika watu. Sababu yenyewe hakuijua. Mwandishi mwingine, Varro, aliyeishi karne ya 1 kabla ya Kristo, alikaribia zaidi. Aliandika kwamba kwenye mabwawa huzaliwa vijinyama vidogo visivyoonekana kwa macho, ambavyo huingia mwilini kwa mdomo na pua vikaleta maradhi mazito. Kimelea kisichoonekana kipo kweli, na bwawa linahusika kweli. Alichokosa Varro ni mbu.

Ugunduzi uliofunga hoja hiyo ni wa juzi tu. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, Stephanie Marciniak na Hendrik Poinar wakiwa miongoni mwao, walitangaza matokeo ya kuchunguza meno ya watu wazima 58 na watoto 10 waliozikwa Italia enzi za dola ya Roma. Ndani ya jino mna tundu ambamo mishipa ya damu hupita, na mtu akifa damu hukaukia humo, imefungwa ndani ya jino gumu. Watafiti walisaga kiasi kidogo cha kilichomo, wakatafuta vipande vya DNA ya vimelea. Katika watu wawili, mmoja wa Velia na mmoja wa Vagnari, kusini mwa Italia, wakaikuta ya Plasmodium falciparum. Ni malaria ileile inayotawala hapa Tanzania, inayompandishia mtoto homa jioni na kumlegeza kabla ya alfajiri. Kwa hiyo homa za mabwawani ambazo Warumi walizilalamikia sana zina jina tunalolijua vizuri mno.

Sipendi kuwasifu Warumi kupita kiasi. Vyoo vyao vya jumuiya na mabafu yao vimepigiwa makofi mengi, lakini Piers Mitchell wa Cambridge, aliyekusanya ushahidi wa mayai ya minyoo kutoka sehemu nyingi za dola hiyo na kuuchapisha mwaka 2016, alionyesha kwamba minyoo ya tumbo haikupungua Warumi walipoingia na vyoo vyao. Kinyesi kilimwagwa mashambani, mboga zikarudi mezani na mayai yake. Utaratibu walikuwa nao. Ujuzi wa njia ambayo ugonjwa hupita hawakuwa nao, na utaratibu peke yake ulifika mahali ukakwama.

Sasa tusogee karibu na nyumbani, kwenye vita vilivyopiganwa na watu waliokuwa na ujuzi huo tayari. Tarehe 20 Agosti 1897, huko Secunderabad, India, Ronald Ross, daktari Mwingereza wa jeshi, alikiona kimelea cha malaria kwenye ukuta wa tumbo la mbu. Mwaka huohuo Robert Koch, bingwa wa vijidudu wa Ujerumani, alikuwa hapahapa Dar es Salaam akichunguza malaria. Mwaka 1902 Wajerumani wakafungua taasisi ya utafiti Amani, milima ya Usambara, ambako miti ya kwinini ilipandwa. Vita Kuu ya Kwanza ilipofika Afrika Mashariki mwaka 1914, hakuna afisa aliyeweza kusema kwamba homa inatokana na hewa mbaya.

Mwanzoni Wajerumani walikuwa na kombania 14, zenye Wajerumani kama 260 na askari Waafrika wapatao 2,500. Kila kombania ilijitegemea kwa wapagazi, kwa chakula na kwa dawa, na wake wa askari walisafiri nayo. Njia ya kwinini kutoka Ulaya ilipofungwa na meli za Waingereza, Amani ikatengeneza dawa kutoka magamba ya miti yake. Baada ya Amani kutekwa mwaka 1916, wapiganaji wa Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, wakachemsha magamba wenyewe na kunywa maji yake machungu. Waliendelea kuhangaika hadi 25 Novemba 1918, wakasalimu amri Abercorn, ambayo leo ni Mbala, Zambia, wakiwa na askari wasiozidi sana 1,100.

Upande wa pili, wa Waingereza, Jenerali Jan Smuts alikuja mapema 1916 na maelfu ya wanajeshi kutoka Afrika Kusini. Kikosi kimoja, cha 9 cha askari wa miguu wa Afrika Kusini, kilianza Februari na watu 1,135. Ilipofika Oktoba, waliofaa kwa kazi walikuwa 116, na mapigano yenyewe waliyoyaona yalikuwa machache. Malaria, kuhara damu na njaa vilimaliza kazi. Mkuu wao aliwasukuma mbele haraka kuliko chakula na dawa vilivyoweza kuwafuata, na masika yakawakuta njiani. Ross alikuwa ameshapewa Tuzo ya Nobel kwa ugunduzi wake mwaka 1902, miaka 14 kabla ya watu hao kulala bila chandarua kando ya mito yetu.

Kwa sababu mbung'o waliua farasi na maksai, mizigo ilibebwa na vichwa vya watu. Waingereza waliandikisha wapagazi karibu milioni moja katika vita vyote, wengi wao kwa kulazimishwa, na hesabu rasmi ya waliokufa ilizidi 90,000. Waliouawa na risasi ni wachache sana kati yao. Waliobaki waliuawa na kuhara, malaria, kichomi, na unga ambao haukuiva kwa kuwa hakukuwa na muda wala sufuria ya kutosha. Wapagazi wa upande wa Wajerumani hata daftari la maana hawakuwekewa. Dar es Salaam ilitekwa tarehe 4 Septemba 1916, na pale walipowekwa wapagazi wa Kikosi cha Wabeba Mizigo ndipo penye soko letu la Kariakoo. Kila anayeshuka Kariakoo kununua vitenge anakanyaga kambi ya watu hao. Mnara wa Askari uliozinduliwa mwaka 1927 katikati ya mji unamwonyesha mtu ameshika bunduki, na naona ni haki kusema kwamba aliyebeba gunia alilipia vita hivyo zaidi.

Roma ilikuwa na utaratibu bila ujuzi. Majeshi ya 1916 yalikuwa na ujuzi, lakini hapakuwa na mtu wa kuuteremsha hadi kwenye hema la mpagazi. Ukitaka kuona mahali ambapo vitu hivyo viwili vilijaribiwa pamoja kwa makini, njoo Mtoni.

Ukitoka mjini kwa Barabara ya Kilwa, ukapita Sabasaba, unaingia Mtoni kwa Azizi Ali, kisha Mtongani, halafu ndipo uende zako Mbagala. Upande wa baharini ndiko Mto Kizinga unakomwaga maji yake kwenye mikoko. Ni kata ya mabondeni. Masika yakipiga, maji hukaa katikati ya matuta ya matembele na mchicha, kwenye mashimo ya msingi wa nyumba ambayo mwenyewe ameishiwa saruji, kwenye alama za matairi, kwenye mifereji iliyozibwa na mifuko na chupa. Kila mahali hapo mbu hutaga. Mwalimu wa darasa wa kata hii anaijua hesabu ya Vindolanda ingawa hajaisoma: waliomo kwenye rejista ni hawa, waliofika leo ni hawa, na msimu wa mvua pengo kati ya namba hizo mbili hupanuka. Mama anayeuza vitumbua naye anaijua. Mtoto akiwa na homa, siku hiyo meza haipangwi.

Mwaka 2004 Jiji la Dar es Salaam lilianzisha mpango wa kudhibiti malaria mjini katika kata 15, tano kutoka kila manispaa ya wakati huo: Ilala, Kinondoni na Temeke. Mtoni ilikuwa mojawapo ya tano za Temeke, pamoja na Kurasini, Keko, Azimio na Miburani. Kata hizo 15 zilikuwa na wakazi zaidi ya 600,000. Lengo lilikuwa kumkamata mbu akiwa bado kiluwiluwi majini, kabla hajaota mabawa.

Silaha yao ilikuwa bakteria. Mwaka 1976, katika jangwa la Negev, Israeli, Yoel Margalith alikuta dimbwi lililojaa viluwiluwi waliokufa, na ndani yake akapata bakteria ambayo leo inaitwa kwa kifupi Bti. Bakteria hii ikikomaa hutengeneza fuwele ndogo za protini. Mtu akizimeza, hazimfanyi kitu, kwa kuwa tumbo letu lina asidi. Tumbo la kiluwiluwi lina magadi, na katika magadi fuwele huyeyuka, protini ikashika ukuta wa utumbo na kuutoboa kama gunia lililopitiwa na panya. Ndani ya siku moja amekufa. Samaki, bata na mchicha havidhuriki. Udhaifu wake ni kwamba haikai: jua huiharibu na chembe zake huzama chini. Kwa joto la Dar es Salaam yai huweza kuwa mbu kamili katika muda wa wiki moja na ushee. Kwa hiyo kila dimbwi lazima lipitiwe kila wiki, na dimbwi lililorukwa wiki mbili tayari limeshatoa mbu.

Hapo ndipo sayansi ya maabara inapoishia na kazi ya akida inapoanza. Nani atayajua madimbwi yote ya Mtoni, kila wiki, pamoja na lile lililotokea juzi nyuma ya choo cha jirani? Waliopanga mpango hawakubuni muundo mpya. Walichukua muundo ambao watu walikuwa nao tangu enzi za TANU, miaka ya 1960: nyumba kumi, chini ya mjumbe wake. Nyumba kumi zenyewe zilikuwa zimeshajaa, na eneo la mjumbe mmoja mara nyingi lilikuwa na nyumba 20 hadi 100, lakini mipaka yake wenyeji waliijua kwa miguu. Wahudumu wa jamii, watu wa hukohuko mitaani wanaolipwa posho ndogo, walitembea na wajumbe wakachora ramani kwa mkono, kiwanja kwa kiwanja. Michoro hiyo ikalinganishwa na picha zilizopigwa kutoka angani, na sehemu ambazo kila mjumbe alidhani ni za mwenzake zikaonekana. Kisha kila mhudumu akapewa maeneo yake ya wajumbe, akawa na zamu ya kila siku ya wiki. Taarifa ilitoka kwa mhudumu ikaenda kwa msimamizi wa kata, kisha manispaa, kisha jiji.

Kazi yenyewe ni ya kuinama. Mhudumu huchota maji kwa upawa mweupe wenye mpini mrefu, husubiri yatulie, kisha huangalia. Kiluwiluwi cha mbu wa malaria hulala sambamba na uso wa maji, kimenyooka kama kijiti kinachoelea. Kile cha mbu wa kawaida, anayetupigia kelele usiku na kuzaliana kwenye mashimo ya vyoo, huning'inia kichwa chini. Ukijua tofauti hiyo unajua dimbwi lipi ni la hatari. Mashimo ya vyoo yalitiwa bakteria ya aina nyingine, inayodumu zaidi, kila baada ya miezi mitatu. Watu huona unafuu haraka kelele za usiku zinapopungua, na asiyeona unafuu hafungui mlango wiki inayofuata.

Utiaji dawa ulianza 2006 katika kata tatu, Buguruni, Kurasini na Mikocheni, ukaongezwa mwaka uliofuata, na kufika 2008 kata zote 15 zilikuwa zimeingia. Uchambuzi wa mwanzo uliona maambukizi yamepungua sana. Uchambuzi mkali zaidi wa 2013, uliochukua takwimu za 2004 hadi 2008, ulipata kwamba uwezekano wa mtu kukutwa na vimelea ulipungua kwa asilimia 21 hivi. Naiamini namba hiyo ndogo, na naiona ni kubwa, kwa kuwa inahesabu watu waliokuwa tayari wananufaika na vyandarua na dawa bora.

Tena tunajua kwa nini haikuzidi hapo. Utafiti uliochapishwa 2009 uliwafuata wahudumu nyuma na kuhesabu walichokiona na walichokiacha. Waliandika karibu theluthi mbili ya madimbwi yote. Kati ya madimbwi yaliyokuwa na viluwiluwi vya mbu wa malaria, waliyoyagundua yalikuwa machache mno. Yaliyopitwa zaidi yalikuwa kwenye maeneo ambayo mhudumu si mwenyeji. Hili lingemwumiza akida yeyote: namba kwenye daftari ilisema eneo limepitiwa, na mbu walikuwa wanaruka kutoka kwenye eneo hilohilo.

Leo dawa hiyo haitoki mbali. Kiwanda cha viuadudu vya kibaolojia kilichojengwa kwa ushirikiano na Cuba kilizinduliwa Kibaha mwaka 2015, na halmashauri zimehimizwa kununua. Taasisi ya Afya ya Ifakara ina wataalamu waliofanya kazi hii kwa mikono yao. Kila nikisikia halmashauri imepokea madumu ya dawa, swali langu huwa ni nani ataibeba hadi bondeni. Madumu yakiwekwa stoo ya manispaa na kunyunyizwa siku moja mbele ya kamera, mbu hukosa wiki moja tu ya kutaga. Pale Mtoni inatakiwa mtu anayelala mtaa huohuo, anayefahamika kwa jina, ambaye mwenye geti humfungulia bila kuuliza kitambulisho. Inatakiwa ramani ipitiwe upya, kwa kuwa bonde limejengwa na mifereji imehama tangu michoro ile ya kwanza. Na posho ya mhudumu huyo ya kila wiki iandikwe kwenye bajeti ya manispaa kwa mwaka mzima, na ianze kulipwa Februari, kabla matuta ya matembele hayajajaa maji.